Uzi: "Walio wake" katika 1 Timotheo 5:8 ni akina nani hasa?

#1 Mpangaji wa Umoja (mwanzilishi wa uzi)

Shalom. Naandika baada ya ibada ya leo, kwa kuwa neno moja la mhubiri limenikaa kifuani tangu asubuhi. Alisoma 1 Timotheo 5:8, "Lakini mtu yeyote asiyewatunza walio wake, yaani, wale wa nyumbani mwake hasa, ameikana Imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini," kisha akafafanua kwamba walio wake mtu ni mke na watoto wake, basi. Na kwamba mwanamume ambaye mshahara wake bado unavutwa na mama na ndugu zake hajaoa, amepanga nyumba tu na mwanamke. Watu walipiga makofi. Mke wangu hakupiga, wala mimi sikupiga.

Hali yangu ni hii. Mimi ni kifungua mimba kati ya watoto sita. Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu, na mama, ambaye yuko Kitui hadi leo, aliuza mbuzi mmoja baada ya mwingine mpaka nikamaliza shule. Sasa ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, tuna watoto wawili, na kila mwisho wa mwezi hutuma pesa nyumbani kabla sijalipa kodi. Wiki hii mdogo wetu wa mwisho amepata nafasi katika chuo cha ufundi na anahitaji shilingi 28,000. Pesa hizo ninazo, lakini ndizo tulizoweka akiba kwa ajili ya cherehani ya mke wangu. Siwaombi mnigawie shilingi zangu. Nauliza jambo lililo chini yake: kwa Mkristo, upendo wa mama na ndugu ni deni, ni sadaka, au ni kishawishi?

#2 Mwanafunzi wa Andiko

Ndugu Mpangaji, asante kwa swali. Naomba tusome sura nzima, maana aya ya nane imetolewa mahali pake. Kuanzia aya ya tatu hadi ya kumi na sita, sura hiyo inahusu wajane wa Efeso, mji ambao Timotheo aliachwa ausimamie (1:3). Kanisa lilikuwa na orodha ya wajane wa kutunzwa, ambao umri wao haukupungua miaka sitini, na Paulo hakutaka mzigo huo uliangukie kanisa pale ambapo mjane alikuwa na jamaa zake. Aya ya nne inawataja watoto na wajukuu, nayo inatumia maneno mazito, "kuwalipa wazazi wao". Kwa hiyo mtu wa kwanza ambaye aya ya nane inamtetea ni mama mzee aliyefiwa na mume. Mhubiri amemfungia nje yule yule ambaye andiko lilimfungulia mlango.

Liko jambo la pili. Tafsiri yetu ya Biblia ya Kiswahili iitwayo Union, ya mwaka 1952, imeweka neno "yaani", na msomaji huona kundi moja tu. Kigiriki chenyewe kinasomeka kama makundi mawili, moja ndani ya lingine: walio wake, na zaidi sana wa nyumbani mwake. Tena nyumba ya Efeso ya wakati ule haikuwa chumba na sebule. Ilikuwa na wazee, watoto, ndugu, watumishi na hata watumwa.

#3 Dada wa Kariobangi

Nimesoma #2 kwa heshima, lakini nitasema kwa upande wa walioketi jikoni. Nimeolewa miaka kumi na mmoja. Katika miaka saba ya kwanza mume wangu alisomesha ndugu zake watatu, akajenga nyumba ya wazazi wake kwa mawe, na katika muda huo huo mtoto wetu mkubwa alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo mara nyingi kiasi kwamba mwalimu wa zamu alimjua kwa jina. Mume wangu si mtu mbaya. Anapenda kweli. Lakini upendo wake ulikuwa na safari ndefu, ukipita juu ya kitanda cha mtoto wake ukielekea kijijini.

Mwanzo 2:24 inasema mwanamume atamwacha baba yake na mama yake naye ataambatana na mkewe. Kuacha ni kuacha. Sisemi aache kusalimu wala kusaidia, nasema kuna mtu ambaye amehamia mstari wa mbele, na mtu huyo ana haki ya kuulizwa kabla pesa haijatumwa. Ndugu Mpangaji, cherehani ile umeizungumzia kana kwamba ni chombo. Kwa mke wako huenda ndiyo mara ya kwanza ambapo jina lake limeandikwa katika hesabu ya nyumba.

#4 Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki na nimefundisha ndoa kwa miaka mingi. Amri ya nne ndiyo msingi wa mjadala huu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2218, inawakumbusha watoto waliokwisha kukua wajibu wao kwa wazazi: kadiri wawezavyo, wawape msaada wa mali na wa moyo katika uzee, ugonjwa, upweke na dhiki. Angalieni maneno "kadiri wawezavyo". Kanisa halikusema uuze godoro la watoto.

Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ilichagua kulieleza Kanisa kama Familia ya Mungu, na maaskofu walikuwa na sababu. Walijua kwamba Mwafrika akisikia neno familia hamwoni baba, mama na watoto wawili tu. Anamwona pia shangazi, mjomba, na yule mpwa aliyekuja kwa likizo ya wiki mbili akakaa miaka minne. Hata kanisa kuu la jimbo letu la Nairobi, pale karibu na Jumba la Jiji, limepewa jina la Familia Takatifu. Upendo huo una shida zake, na mama wa Kariobangi amezisema vizuri, lakini tusiukate ili utoshe katika nyumba ya kupanga.

#5 Mwana wa Kangemi

Mzee Katekista, shikamoo. Nakurekebisha jambo moja: kuwaheshimu baba na mama ni amri ya tano. Ya nne ni Sabato. Huenda ulikuwa na haraka ya kufika kwenye Sinodi.

#6 Mwanafunzi wa Andiko

Wote wawili mko sawa. Kitabu cha Kutoka hakikuziwekea amri nambari. Wakatoliki na Walutheri hufuata hesabu iliyotokana na Agostino, mwalimu wa kale wa Kanisa, ambayo huunganisha miungu mingine na sanamu katika amri moja, hivyo wazazi huangukia amri ya nne. Waanglikana, Wapresbiteri na Waorthodoksi hutenganisha hizo mbili, hivyo wazazi huwa wa tano. Kwa hesabu yoyote ile, hiyo ndiyo ya kwanza kati ya amri zinazomhusu mwanadamu mwenzetu, nayo ndiyo ambayo Waefeso 6:2 huiita amri ya kwanza yenye ahadi.

#7 Mpenda Lugha

Nadhani tatizo letu ni neno lenyewe. Wagiriki walikuwa na maneno manne ya upendo, na Biblia hutumia "storge" kwa upendo wa familia na "agape" kwa upendo wa Mungu. Tukitenganisha haya mawili, swali la #1 linajibika: kwa ndugu unampa storge, kwa Mungu unampa agape, na hakuna mgongano.

#8 Mwanafunzi wa Andiko

Ningependa iwe rahisi hivyo, Mpenda Lugha. Jina "storge" halimo katika Agano Jipya hata mara moja. Yamo maneno yaliyoundwa kutokana nalo. Warumi 1:31 na 2 Timotheo 3:3 hutumia neno linalomaanisha watu ambao upendo huo umewatoka, na Union imelitafsiri mara ya kwanza "wasiopenda jamaa zao" na mara ya pili "wasiowapenda wa kwao". Warumi 12:10 hufanya jambo la ajabu zaidi: inachukua upendo wa kifamilia na upendo wa ndugu na kuviunganisha katika sentensi moja inayowahusu waumini wasio wa damu moja. Paulo alibomoa ukuta ambao wewe unataka kuujenga.

#9 Mpenda Lugha

Nimekubali kusahihishwa. Hata hivyo naona uzuri katika tafsiri ile ya "wa kwao". Mswahili hana jina moja la upendo huo. Ana uchungu, kama tusemavyo kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ana udugu na ujamaa. Kisha ana ule usemi mkali kuliko yote, "mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe". Nilipokuwa mgonjwa mwaka wa janga la korona, wenzangu wa chama walituma ujumbe wa pole, na wa maana, lakini aliyelala chini kwenye sakafu ya chumba changu akinisikiliza ninavyopumua alikuwa dada yangu.

#10 Binti wa Dandora

Nimekuwa nikisoma tu, lakini neno "mzaliwa nawe" limenigusa mahali pabaya, nami nitaandika.

Baba yangu aliondoka mwaka 1994. Nilikuwa na umri wa miaka sita. Hakufa wala hakupotea. Alikuwa mtaa wa tatu kutoka kwetu, na mwanamke mwingine, na tulikuwa tukikutana naye sokoni akageuza uso. Mama yangu aliuza samaki wa kukaanga hadi macho yakaharibika kwa moshi. Mwaka 2021 baba alirudi. Ana kisukari, mguu mmoja hauna nguvu, na yule mwanamke amemtoa. Ukoo uliitisha kikao, mchungaji akaalikwa, na nilisomewa "waheshimu baba yako na mama yako" na watu ambao miaka ile yote hawakumsomea yeye ile aya ya nne ya Waefeso 6, inayowakataza akina baba kuwachokoza watoto wao na kuwaagiza wawalee katika adabu na maonyo ya Bwana.

Namnunulia dawa kila mwezi. Nimemlipia chumba. Kuketi naye sijaweza. Nikifika mlangoni mikono hutetemeka, namkabidhi jirani mfuko na kuondoka. Sasa niambieni ninyi mliosoma: dawa bila kuketi ni upendo, au ni namna ya kulipa faini?

#11 Fundi wa Gikomba

Pole sana dada.

#12 Mchungaji wa Mtaani

Binti wa Dandora, nami naanza kwa kukuomba radhi kwa niaba ya watumishi wanaosoma nusu ya sura. Nina mambo mawili.

Kwanza, amri yenyewe inasema "waheshimu", haisemi "wapende". Katika Kiebrania neno hilo lina maana ya kumpa mtu uzito wake, kutomhesabu kuwa mwepesi. Na katika ile sura ya wajane, "waheshimu wajane" (5:3) maana yake ni kuwakimu, kwa sababu maneno yote yanayofuata ni ya chakula na matunzo. Ukimnunulia mzee dawa kila mwezi, heshima ambayo amri inadai umeitoa. Usikubali mtu akuambie kwamba hujaanza.

Pili, mtazame Yusufu. Watu hukumbuka Mwanzo 45 alipolia, wakasahau sura tatu kabla yake. Ndugu zake walipofika Misri aliwapa nafaka, akawarudishia fedha maguniani mwao, lakini hakujitambulisha. Alitumia mkalimani wa lugha aliyoielewa. Alimfunga Simeoni, akaficha kikombe katika gunia la Benyamini, akangoja hadi Yuda alipojitoa kuwa mtumwa badala ya mdogo wake. Chakula walikipata safari ya kwanza. Uso wa ndugu yao walikuja kuupata baadaye, wala Biblia haimlaumu kwa kuchelewa.

#13 Katekista Mstaafu

Mchungaji, umefafanua vizuri, ila nahofia jambo moja. Tukisema amri inataka heshima tu, tutamwachia mtu mlango wa kutuma pesa na kuzuia moyo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya tatu, kinamwambia mwana amsaidie baba yake katika uzee wake, tena amvumilie hata akili zikimpungua. Kuvumilia hakutumwi kwa simu. Simsemei Binti wa Dandora, ambaye jeraha lake ni la aina nyingine. Nasema juu ya sisi tulio na wazazi wema na bado hatuendi.

#14 Mwana wa Kangemi

Mzee, Yoshua bin Sira hayumo katika Biblia yangu ya Kiprotestanti.

#15 Katekista Mstaafu

Yumo katika yangu, kijana wangu, na baba yako bado anazeeka katika Biblia zote mbili.

#16 Mweka Hazina

Mnaniruhusu nilete jambo la Korbani? Nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha ujenzi katika kanisa letu. Katika Marko 7:9-13 Yesu anawakemea watu waliokuwa wakisema kwamba mali ambayo ingewafaa wazazi ni Korbani, yaani imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, na hivyo wazazi wakakosa. Niliisoma kwa miaka mingi nikidhani ni habari ya Mafarisayo.

Siku moja mama mmoja alileta ahadi yake ya ujenzi, shilingi elfu kumi na tano, noti zimekunjwa ndani ya leso. Nilikuwa namfahamu nyumbani kwao. Wiki mbili kabla yake tulikuwa tumepeleka maombi kwa mama yake mzazi, ambaye alikuwa analala juu ya godoro lililobaki upande mmoja, na mvua ilikuwa inaingia juu ya kichwa chake. Nilimwandikia risiti. Usiku sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa mzee wa kanisa, nikamweleza, naye akachukua bahasha, akavaa koti, tukaenda pamoja kumrudishia. Yule mama alilia kwa hasira, akisema kwamba tumeikataa sadaka yake na sasa Mungu atamwona kuwa mwongo. Ilituchukua zaidi ya saa moja kumsomea Marko 7, na hata sasa sina hakika kama alitusamehe. Paa la mama yake liliezekwa. Ukuta wa kanisa ulikaa miezi minne bila lipu.

#17 Mpangaji wa Umoja

Mweka Hazina, nimesoma maneno yako mara tatu. Nina ahadi ya ujenzi pia, sikuitaja katika #1 kwa sababu sikudhani inahusika.

#18 Wakili wa South B

Habari zenu. Niongeze upande wa sheria, kwa kuwa wengi hudhani wajibu huu ni wa kanisani tu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 45, inaitambua familia kuwa kiini cha asili na cha msingi cha jamii, na ibara ya 57 inawapa wazee haki ya kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia zao na kwa serikali. Familia imetajwa kabla ya serikali.

Lakini katika kazi yangu upendo wa ndugu nauona ukivunjika mahali pamoja, nao ni urithi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimbagui binti na mwana pale mzazi anapokufa bila wosia. Hata hivyo huja kwangu ndugu wanne, wote wameshika Biblia, na kumwambia dada yao kwamba kwa kuwa ameolewa shamba la Kiambu halimhusu. Katika Luka 12:13-14 mtu alimwendea Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi, na Yesu akakataa kuwa mgawanyi, kisha akaonya juu ya choyo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini alikataa. Angeweza kugawa kwa haki kuliko hakimu yeyote.

#19 Fundi wa Gikomba

Labda alijua kwamba wangetoka pale na mashamba mawili, na udugu hakuna.

#20 Mwana wa Kangemi

Narudi kwenye swali la mwanzo. Mnaiongelea damu sana, na Yesu mwenyewe aliisogeza pembeni. Katika Mathayo 12 mama yake na ndugu zake wamesimama nje wakitaka kusema naye, naye akawanyoshea mkono wanafunzi akisema hao ndio mama yake na ndugu zake. Katika Luka 14:26 anataka tuwachukie baba na mama. Wahubiri husema neno hilo la kuchukia ni kosa la tafsiri, maana yake ni kupenda kidogo.

#21 Mwanafunzi wa Andiko

Si kosa la tafsiri. Kigiriki kina neno la kuchukia hasa. Kinachosaidia ni kujua namna Waebrania walivyosema. Katika Mwanzo 29 inaelezwa kwamba Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea, na aya inayofuata katika Kiebrania humwita Lea aliyechukiwa. Union ikasema "hakupendwa". Mtu wa pili katika upendo aliitwa aliyechukiwa. Mathayo 10:37 inasema jambo hilo hilo kwa upole zaidi: "Apendaye baba au mama kuliko mimi, hanistahili." Neno la kupimia hapo ni "kuliko".

#22 Mlezi wa Kawangware

Mwana wa Kangemi, mimi sikuzaliwa na mtu ninayemjua. Nililelewa katika makao ya watoto, kisha nikachukuliwa na mjane wa jumuiya yetu ndogo ndogo ambaye hakuwa na undugu nami hata wa kabila. Alinifundisha kusali na kukaanga mahamri. Alipofariki, watoto wa ndugu yake walikuja kuchukua kabati na kunionyesha mlango, nami niliondoka na rozari yake na sufuria moja. Kwa hiyo Mathayo 12 ndiyo mkate wangu, siwezi kuisoma kama fumbo. Lakini siku Yesu alipokuwa msalabani (Yohana 19:26-27) alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, na mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Aliyesema kwamba mama yake ni wote wayatendao mapenzi ya Mungu bado alimtafutia huyu mmoja mahali pa kulala.

#23 Katekista Mstaafu

Na hapo mwanangu umegusa hoja kubwa. Kama Bikira Maria angekuwa na wana wengine, kwa nini akabidhiwe kwa Yohana?

#24 Mwana wa Kangemi

Kwa sababu ndugu zake Yesu hawakuwa wamemwamini bado, Yohana 7:5. Na Marko 6:3 huwataja kwa majina: Yakobo, Yose, Yuda na Simoni.

#25 Katekista Mstaafu

Ndugu katika lugha ile ni pamoja na binamu. Waorthodoksi nao husema walikuwa watoto wa Yosefu wa ndoa ya kwanza.

#26 Msimamizi

Mjadala huo una nyuzi zake nyingine humu, tafadhali. Tubaki kwenye swali la ndugu Mpangaji.

#27 Mlezi wa Kawangware

Msimamizi, niruhusu sentensi moja. Wawe wana au binamu, hao ndugu waliokuwa nje katika Mathayo 12 tunawakuta ndani katika Matendo 1:14, wakisali pamoja na Mariamu na wanafunzi. Mtu fulani hakuacha kuwangojea.

#28 Mchungaji wa Mtaani

Narudi kwa wazazi, kwa kuwa upande mmoja haujasemwa. Katika 2 Wakorintho 12:14 Paulo anasema haiwapasi watoto kuweka akiba kwa ajili ya wazazi, bali wazazi kwa watoto. Katika ofisi yangu huketi vijana wa miaka ishirini na minne, mshahara wa kwanza, tayari wameorodheshewa madeni ya ukoo mzima. Wazazi wengine wamezaa kana kwamba wananunua hisa. Kumpenda mtoto ni kumlea bila kumwandikia ankara.

#29 Mwanafunzi wa Andiko

Mchungaji, kwa heshima, hapo Paulo anaeleza kwa nini hakutaka Wakorintho wamlishe yeye. Familia ni mfano tu alioutumia. Huwezi kuiweka juu ya 1 Timotheo 5:4, ambayo inawahusu wazazi waziwazi.

#30 Mchungaji wa Mtaani

Ni mfano, nakubali. Lakini Paulo aliutumia kwa kuwa kila msomaji wake aliona ni jambo la kweli. Mimi bado ninaushikilia.

#31 Dada wa Kariobangi

Nami ninaushikilia pamoja na Mchungaji, na mama mkwe wangu, ambaye nampenda, angeushikilia pia. Ndiye aliyemwambia mume wangu mwaka wa nane, "Nyumba ya mawe nimeiona, sasa nataka kuona wajukuu wakiwa na viatu." Hakuna mahubiri yaliyomgeuza mume wangu kama maneno hayo, kwa sababu yalitoka kwa yule aliyekuwa anapokea.

#32 Binti wa Dandora

Mchungaji na Mzee Katekista, asanteni kwa #12 na #13. Zinapingana, na zote mbili nimezihitaji. Jana nilipeleka dawa. Jirani hakuwepo. Niliweka mfuko mezani mwenyewe, na baba aliniuliza kama mama bado anauza samaki. Nilimjibu kwamba macho yake hayamruhusu. Alinyamaza, nami nikaondoka. Yapata dakika mbili.

#33 Mpangaji wa Umoja

Nimewasoma wote, na jana usiku nilimsomea mke wangu uzi huu kuanzia #1, pamoja na ile sehemu ya cherehani, ambayo niliisoma kwa sauti ndogo. Hakukasirika. Aliniuliza kwa nini niliwauliza watu nisiowajua kabla sijamuuliza yeye, na sikuwa na jibu.

Kisha akasema jambo ambalo sijalifikiria kwa miaka tisa ya ndoa. Alisema, "Mmehesabu mama yako, ndugu zako, watoto, kanisa, hata baba wa yule dada. Mama yangu mimi yuko katika aya ipi?" Mama mkwe wangu yuko Makueni, anaishi peke yake, na pesa anazopata kutoka kwetu ni zile ambazo mke wangu hupunguza kwenye matumizi ya jikoni bila kuniambia. Nimeshindwa kumjibu. Mwenye andiko anisaidie.

#34 Mpenda Lugha

Ruthu 1:16 iko wazi, nalo ni neno la mkwe kwa mama mkwe wake.

#35 Dada wa Kariobangi

Ruthu ni mke aliyemfuata mama wa mume. Mke wa Mpangaji anauliza kinyume chake: ni wapi mume alipombeba mama wa mke?

#36 Mwanafunzi wa Andiko

Marko 1:29-31. Yesu anatoka katika sinagogi la Kapernaumu na kuingia katika nyumba ya Simoni na Andrea, na mama mkwe wa Simoni yumo kitandani, ana homa. Angalieni nyumba hiyo imebeba nani: Simoni, ambaye ana mke, ndugu yake Andrea, na mama wa mke, wote katika nyumba moja ya wavuvi. Nakiri kwamba nimeifundisha aya hiyo mara nyingi kama habari ya uponyaji tu, na sikuwahi kuhesabu vitanda.

#37 Dada wa Kariobangi

Basi nina swali juu yake. Aya chache nyuma, huyo huyo Simoni ameacha nyavu na kumfuata Yesu. Katika nyumba hiyo iliyojaa, nani alinunua unga wiki iliyofuata?

#38 Katekista Mstaafu

Injili haisemi, mama. Ila Paulo, katika 1 Wakorintho 9:5, anasema kwamba Kefa, yaani huyo huyo Simoni Petro, alikuwa akisafiri na mkewe katika kazi ile. Hakumwacha.

#39 Dada wa Kariobangi

Na mama yake huyo mke, Mzee?

#40 Mpangaji wa Umoja

Mke wangu amesimama nyuma yangu, naye anasubiri jibu la #39.